Familia yote imekuja, mteja ananyamaza: mwongozo kamili wa siku ya kwanza

Naandika hii juu ya stajieri wenzangu wa saikolojia na wale wanaojifunza kazi ya APS (wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii) hapa Bukavu, na wa Goma na Uvira pia, wanaonitumiaka vokali (ujumbe wa sauti) usiku. Karibu zote zinafanana: "Yaya, leo walikuja watu tano, mama, baba mdogo, shangazi na jirani, waliongea saa nzima, msichana mwenyewe waliyemleta hakusema hata neno, mwishoni nikampa mashauri akaitika ndiyo ndiyo, na tangu siku ile sijamuona tena."

Kama ilikufikia, usianze kujihukumu kwamba hauna wito. Shida iko ku namna ile saa ilipangwa, na saa inapangika.

Mimi bado niko ku staji, mwaka wa pili sasa, na kila kitu nitasema hapa kimepita kwanza ku macho ya mama anayenisimamia. Sitakufundisha kuponya mtu. Ni kuendesha mara ya kwanza tu, tangu wanagonga mlango mpaka wanatoka, juu hapo njo tunapotezaka watu wengi.

## Vitu vya kuwa navyo mbele ya yote

- Viti vya kutosha watu sita, na kati yao viwili vya urefu mmoja, chako na cha mteja.
- Mahali pa pili pa kukaa familia, hata kama ni benchi chini ya mti.
- Mwenzako mmoja wa kubaki na familia. Bila huyu mtu hatua ya 5 itakushinda.
- Maji ya kunywa na vikombe, papye ijeniki, saa ya ukutani. Saa ya telefone hapana, juu ukiangalia telefone yeye anafikiri umechoka naye.
- Kaye, biki, karatasi moja kubwa, na vifuniko kama kumi vya chupa za soda. Utaona kazi yake.
- Namba za telefone zilizoandikwa ku karatasi: hopitali ya karibu, muganga wa zamu, mama msimamizi wako, mtu wa sheria. Na unite (salio la kupiga) ndani ya telefone.
- Mtu wa kutafsiri kama mteja anasikia Mashi, Kihavu, Kirega au Kifuliiru kuliko Kiswahili. Asiwe bwana yake, asiwe mtoto wake. Nimeona mtoto wa miaka kumi anatafsiri mambo ya mama yake ambayo hakupaswa kuyajua mpaka kufa.

## Hatua ya 1: Panga chumba, na pima ukuta

Ofisi zetu mingi ni za mbao, na mbao haifichi kitu. Nilikuwa na mama mmoja (nimebadilisha mambo mengi hapa asijulikane) aliyekuja mara mbili, na mara zote mbili aliongea juu ya bei ya makala (mkaa) na minerval (karo) ya watoto, sauti ndogo sana. Mara ya tatu mvua ikanyesha, ile yetu ya Aprili, manjanja (mabati) ikapiga kelele mpaka nilishindwa kumsikia, na nilikuwa karibu kumwomba tungoje ipite. Yeye akasogeza tabure yake mpaka magoti yetu yakagusana, akaniambia ku sikio kitu alichokuwa amebeba miaka minne. Wiki mbili zote alikuwa anaogopa tu wale wa upande wa pili wa ukuta.

Tangu siku hiyo napimaka. Mwenzako akae upande wa pili, wewe soma gazeti kwa sauti ya kawaida, akisikia maneno, chumba hakifai. Hamisha kiti mbali na ukuta, weka radio inje karibu na mlango, au chukua saa ambayo jirani hawako.

Kiti cha mteja kiwe karibu na mlango, aone njia ya kutoka, na mgongo wake usielekee mlango. Mtu aliyefungiwa siku moja ndani ya nyumba na watu wenye silaha hawezi kukaa ku kona akatulia.

Usikae uso kwa uso kabisa, kaa kidogo kwa upande. Kwetu mtoto wa heshima hamkazii mkubwa macho, basi usikimbilie kuandika ku fishi (karatasi ya mteja) kwamba "hataki kuangalia" kama vile ni ugonjwa. Anakuheshimu.

## Hatua ya 2: Mwili kwanza

Hii ni fupi lakini inaokoa maisha. Wakiwa bado wanaketi, uliza: ilianza lini? Ana homa? Alianguka? Anakula, anakunywa, analala? Kuna dawa anameza, au aliyoacha? Amezaa karibuni?

Mtu aliyeanza kuongea ovyo jana ao juzi na ana homa, hiyo ni ya hopitali leo leo, malaria inaweza kupanda ku bongo na inaua haraka. Anayeanguka na kutikisika anaweza kuwa na kifafa, kinatibiwa kwa dawa, hata kama jamaa wote wamekubaliana kwamba ni kutupiwa uchawi. Aliyekuwa anakunywa kanyanga (pombe kali) kila siku akaacha ghafla, sasa anatetemeka na anaona vitu, naye apelekwe, kuacha ghafla namna hiyo kunaweza kumuua. Na mama aliyezaa majuma machache yaliyopita, hatambui mtoto wake au anasema mtoto ni wa shetani, usimrudishe ku nyumba na miadi ya juma kesho.

Ukiona moja ya hizo, mwongozo huu unasimama hapo, piga telefone ya hopitali.

## Hatua ya 3: Salimu wote, mkubwa wa kwanza

Stajieri wengi wakishajua kwamba lazima wamsikie mteja peke yake, wanafukuza familia ku mlango. Usifanye. Wamelipa moto (pikipiki), wameacha soko, wengine wametoka Bagira kwa miguu. Ukimdharau baba mdogo leo, yeye njo ataamua kama mtoto atarudi kesho.

Salimu mkubwa kwanza, kisha wote, mteja naye umsalimu kwa jina lake, maji yapite. Muulize kila mmoja yeye ni nani kwake, na andika. "Shangazi" anaweza kuwa jirani, na "baba" anaweza kuwa bwana wa pili wa mama.

Kisha kila mtu ajibu swali moja tu: "Juu ya nini mmemleta leo, na siyo mwezi uliopita?" Hili swali ninalipenda kuliko yote niliyofundishwa. Watakuambia mambo ya miaka, lakini hapo njo utasikia ya jana: alikataa chakula, alificha kamba, barua ya shule imefika, kuna mwanaume amekuja kuleta posa.

Dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano. Sikiliza bila kukubaliana na yeyote. Mama akisema "uyu mtoto iko na kichwa nguvu tu, sivyo?" jibu "naona hii mambo imekuchokesha, mama." Ukimwitikia ndiyo, yule mtoto ameshakuweka upande wa mama na hautamtoa huko.

## Hatua ya 4: Sema siri ni nini, na inaishia wapi

Iseme mbele ya wote, maneno ya kawaida: "Kitu ataniambia kinabaki hapa. Nitakiongea tu na mama anayenisimamia ku kazi. Kuna mara tatu sitanyamaza: kama anataka kujiua, kama kuna mtu anataka kuua mtu, kama kuna mtoto anaumizwa. Hapo nitamwambia kwanza yeye mwenyewe, kisha tutatafuta msaada."

Sababu ya kusema mbele ya wote ni ile telefone ya usiku ya shangazi, "niambie tu mimi, alisema nini?" Ukishasema mbele yao, utamkumbusha bila kugombana naye.

Na sisi wenyewe. Ile tabia ya kuweka kesi ku grupu ya WhatsApp ya promosheni, "jamani nina msichana wa avenyu fulani aliyeacha shule mwaka wa mwisho", hata bila jina, tuache. Bukavu ni ndogo. Kati ya watu arobaini wa grupu, mmoja ni binamu yake.

## Hatua ya 5: Watenganishe bila kuwafukuza

Maneno yangu ni haya, unaweza kuyachukua kama yalivyo: "Baba, mama, nimewasikia wote, aksanti. Kazi yetu inaomba nimsikie na yeye, dakika makumi tatu. Nyinyi mutaenda na mwenzangu, naye iko na kazi anaomba mumusaidie. Kisha nitawaita, tutamaliza wote pamoja."

Neno "tutamaliza wote pamoja" linatuliza, wanajua hawajatupwa. Na ile kazi iwe ya kweli. Mwenzako anaandika nao: analalaka saa ngapi, na nani anachekaka, siku gani anakuwa vizuri kidogo na nini ilikuwa tofauti siku hiyo. Familia nyingi zinakuja na hesabu ya makosa peke yake, swali la siku nzuri linawashtua, na mara nyingine njo hapo unapata ufunguo.

Bwana akikataa bibi yake abaki peke yake, usipigane naye. Acha mlango wazi nusu, akae mahali anawaona na hasikii. Akikataa hata hiyo, zungumza mambo ya kawaida mbele yake, panga siku ya pili, na andika ku dosie kwamba alikataa, juu hiyo peke yake ni alama. Maswali juu ya kupigwa hapana, hata moja, wakati yeye iko pale. Wewe utabaki ofisini, yule mama ataenda naye ku nyumba.

Mtoto mdogo hatenganishwi na mzazi kwa nguvu, mzazi akae anaonekana. Na ndugu zangu wanaume, muulize msichana kama anapenda kuongea na mwanamke. Akisema ndiyo, mpeleke tu, usichukue vibaya.

Utajua umefaulu ukiona wale wa benchi wanaongea na mwenzako, hakuna anayesimama ku dirisha.

## Hatua ya 6: Sasa nyamaza

Hapa njo kazi yenyewe, na hapa njo tunaharibu zaidi.

Anza na kitu chepesi: "Wamesema mengi juu yako. Wewe ungeanzia wapi?" Kisha ngoja. Pumua polepole mara kumi kabla haujaongeza neno. Ukimya wa mtu anayetafuta mahali pa kuanzia unaonekana kwetu mrefu sana, kwake ni mfupi. Nilikuwa naujaza kila mara, na kila nilipoujaza nilikuwa nazungumzia mimi.

Akisema kitu, kirudishe kwa maneno yake mwenyewe. Amesema "roho inanichoma", wewe sema "roho inakuchoma... inachomaka zaidi wakati gani?" Usimgeuzie "una depresheni". Watu wetu wanasemaka kichwa kinazunguka, moyo unapiga, mawazo ni mengi, usingizi umekimbia. Hiyo ni lugha kamili, inatosha kufanya kazi nayo.

Kuna maneno ambayo naomba uyaweke chini kabisa siku ya kwanza. "Jikaze." "Vumilia, wote tulipita hapo." "Usilie." "Muachie Mungu." Kila moja linamwambia funga mdomo, hata kama limesemwa kwa upendo. Juu ya Mungu, sikuombi ugombane na kanisa, mimi mwenyewe ninasali. Akitaja maombi, muulize: "Ukiomba, unaombaka nini?" Nimepata majibu hapo ambayo fishi yote ya maswali haikunipa.

Usiulize "juu ya nini haukukimbia?", "juu ya nini haukusema mapema?" Hayo ni maswali ya hukumu. Na usimlazimishe kusimulia tukio lote lenye uchungu siku ya kwanza, hauko polisi. Ukimfungua yote leo halafu saa inaisha, anaenda ku nyumba na kidonda wazi.

### Akianza kupotea

Utaona macho yameganda, mikono inatetemeka, pumzi fupi, kama vile amerudi ku siku ile. Acha maswali. Mpe kikombe cha maji akishike kwa mikono miwili. Sema polepole: "Uko hapa na mimi, Bukavu, leo ni siku ya kazi, mlango ni ule pale. Weka miguu chini. Niambie vitu tano unaviona." Kisha vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia. Usimguse bila kumwomba. Mara nyingi akifika ku sauti za inje, motari anapiga horni, mwanamke anaita samaki, anarudi.

### Akikosa maneno: vifuniko

Mtoto, kijana, hata mwanaume mkubwa ambaye hajazoea kuongea, mwekee karatasi na vifuniko vya soda. "Hiki ni wewe. Weka wa nyumba yenu, walio karibu na wewe karibu, walio mbali mbali." Usitafsiri. Uliza tu.

Kijana mmoja wa miaka kumi na tano, aliyeletwa juu anapiga wadogo zake, alipanga vifuniko saba vizuri sana, vya watoto amevipanga kama darasa. Cha nane akakishika ndani ya ngumi na hakukiweka. Nilingoja. Nikamuuliza, "hicho mkononi kina mahali?" Akatikisa kichwa hapana. Baadaye sana akasema ni mkubwa wake, alienda Kamituga ku dhahabu, hawajui kama iko ao hayuko. Akaondoka na kile kifuniko ku mfuko, na mimi sikukiomba.

## Hatua ya 7: Uliza swali unaloliogopa

Kila mtu, siku ya kwanza, hata anayecheka. "Mawazo yakikuzidi, ilishafika mahali unawaza kufa? Unawaza kujiua?" Wengi wanaogopa kwamba ukitaja unamfundisha. Hapana, kuuliza hakupandi hilo wazo, mara nyingi mtu anashusha pumzi juu mwishowe kuna aliyethubutu.

Akisema ndiyo, endelea kwa sauti ile ile: kwa namna gani? Kitu hicho kiko ku nyumba? Lini? Ulishajaribu? Mwenye njia, kitu na siku, usimwache peke yake hata kwenda choo, ita msimamizi, na familia iambiwe leo kutoa dawa ya panya, dawa za shamba, vidonge na kamba mahali anafikia. Usimfanyie kiapo ku karatasi kwamba hatajiua, karatasi haimlindi.

Swali la pili ni la kubakwa, nalo lina saa. Akisema ilitokea karibuni, hesabu masaa. Ndani ya saa 72 anaweza kupata dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na mapema ni bora kuliko baadaye. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi mpaka saa 120. Hapa Bukavu hopitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999, inapokea hao, na Goma kuna HEAL Africa. Zikipita zile saa bado aende, kuna maambukizo ya kutibu na mwili wa kuangalia. Kushtaki ni uamuzi wake. Lakini jamaa wakianza kupanga mbuzi na posa na yule aliyefanya, waambie wazi kwamba sheria za mwaka 2006 zinaita hiyo kosa kubwa la jinai, siyo deni la familia mbili.

## Hatua ya 8: Rudisha familia ndani

Kabla haujawaita, muulize mteja: "Nini niwaambie? Nini nisiwaambie? Unapenda useme wewe ao mimi?" Na uyashike maneno yake hivyo hivyo. Hapa njo anapima kama siri uliyoitaja ilikuwa ya kweli.

Wakiingia, washukuru juu walikuja, kisha sema mambo machache tu. Kwamba anaumwa kweli, siyo uvivu wala laana. Kwamba inachukua siku. Kwamba kuna kitu kila mmoja anaweza kufanya, na kigawe kidogo kidogo: mama anamwamsha saa moja kila siku bila kelele, baba mdogo anatembea naye jioni, shangazi anaacha kumuongelea mbele ya wageni. Kazi moja kwa mtu mmoja. Ukisema "mumpende, mumsaidie", hakuna atakayefanya kitu, juu hakuna anayejua aanzie wapi.

Wakisema watampeleka chumba cha maombi, uliza atakula? Atameza dawa? Atafungwa? Dawa na maombi zinaweza kukaa nyumba moja. Kufunga kula siku saba kwa mtu asiyelala, ao kumfunga kamba, hapo simama imara na mwite msimamizi wako. Na wakimwita mtoto mchawi, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inaikataza na inaiadhibu. Lakini usianze na sheria. Anza na swali: "Tangu lini mambo yalianza kuwa mabaya hapa ku nyumba?" Karibu kila mara utasikia kifo, ao kazi iliyopotea, ao mama mpya aliyeingia, na mtoto amebebeshwa.

### Familia inayongoja mtu asiyerudi

Hii naiandikia mahali pake juu tangu mwanzo wa 2025, vita ilipoingia Goma na Bukavu, watu walitawanyika, na sasa karibu kila juma tuna nyumba moja ya namna hii. Hakuna maiti, hakuna habari. Pauline Boss, mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, aliandika sana juu ya upotevu huu usio na hakika, mimi ku kichwa changu nauitaka msiba usio na matanga.

Yule kijana wa kifuniko, mama yake alikuwa bado anamwekea mkubwa wake sahani ya fufu kila jioni. Baba mdogo alitaka wafanye matanga na wagawe vitu, alisema mama ataua hawa wengine kwa huzuni. Kila mmoja aliniangalia niseme nani ana haki.

Usichague. Ukisema "kubali tu amekufa", mama anakuona muuaji. Ukisema "atarudi", umewadanganya. Sema ukweli wenye pande mbili: "Pengine atarudi, pengine hatarudi, na leo hakuna anayejua." Uliza kila mmoja anaamini nini, na wengine wasikilize bila kujibu. Wasilazimishwe kufanana. Kisha uliza kitu ambacho kinaweza kuendelea bila jibu: nani atalipa shule, nani analala ku kitanda chake, siku yake ya kuzaliwa watafanya nini. Waelekeze kwa Msalaba Mwekundu, wanatafutaka watu waliopotezana na jamaa zao, na kuandikisha jina ni kitu cha kufanya kwa mikono wakati roho haijui.

Mama yule alibakia na sahani. Walikubaliana tu kwamba saa tatu ya usiku kijana na wadogo zake wanaila pamoja. Sikuwapa hilo wazo, walilipata wenyewe pale ku viti, mimi nikiwa nimenyamaza.

## Hatua ya 9: Kuoriente (kumpeleka kwa anayeweza zaidi)

Ujue mahali unaishia. Anayesikia sauti, asiyelala siku nyingi na anaongea bila kusimama, mwenye kifafa, anayekataa kula, hao wanahitaji daktari wa akili. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Watu wanaogopa hayo majina, "munaniita mwendawazimu?", basi eleza kama unavyoeleza ya mguu: "Mguu ukivunjika nakupeleka kwa anayejua mifupa. Nitaendelea kukuona hapa."

Usimpe karatasi na kumwacha barabarani. Piga telefone mbele yake, uliza siku na bei, andika jina la kazi ya mtu atakayempokea, na kama inawezekana mtu mmoja amsindikize. Msaada wa kwanza wa kisaikolojia tuliofundishwa una vitendo vitatu, tazama, sikiliza, unganisha, na hiki cha tatu njo kinasahaulika sana.

## Hatua ya 10: Kabla haujaenda ku nyumba

Andika siku hiyo hiyo, ukurasa mmoja: maneno yake, siyo maoni yako. Ulichoahidi. Siku ya pili. Dosie ifungwe na kufuli.

Kisha umuone msimamizi. Kuna wanaosema sisi bila daktari hatufanyi kitu. Mwaka 2013 ilitoka utafiti uliofanyika huku Kivu na wanawake waliobakwa: waliowatibu ndani ya vikundi walikuwa APS wa hapa hapa, wenye masomo ya sekondari, na wale wanawake walipungukiwa na huzuni na woga kuliko waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Lakini hao APS walifundishwa na walisimamiwa karibu sana. Bila hilo usijilinganishe nao. Mwambie msimamizi hata yale unayoona aibu: nilikasirika, nilitaka kulia, nilimpa franka ya moto. Ya kumpa franka hasa, juu kesho atakuja na deni la heshima badala ya shida yake.

Na siku ya miadi ya pili wasipokuja, ngoja siku mbili, piga mara moja, namba aliyokupa mteja mwenyewe, siyo ya shangazi. Sema: "Nilikungojea, kiti chako kipo, nitakuwa hapa siku ya nne ya juma saa nane." Usiulize juu ya nini hakuja. Kisha siku ya nne saa nane uwe pale, maji yako tayari, hata kama unajua hatakuja.